Je, Wajua? Pointi 74 Zisizoleta Ubingwa

Katika ligi kuu ya soka ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi kama MLS, timu inayoongoza msimamo mwishoni mwa msimu haiwi bingwa kwa sababu hiyo pekee, kwani hutunukiwa Ngao ya Mashabiki, ilhali ubingwa wenyewe huamuliwa katika hatua ya mtoano, yaani mfululizo wa mechi ambamo anayeshindwa huondolewa. Ukali wa utaratibu huu ulidhihirika mwaka 2024, ambapo Inter Miami, klabu ya Florida anayoichezea Lionel Messi, ilishinda mechi 22 kati ya 34, ikatoka sare 8 na kufungwa 4 tu, hivyo ikafikisha pointi 74 na kuipita kwa pointi moja rekodi ya New England Revolution ya mwaka 2021, klabu ambayo iling'olewa katika mechi yake ya kwanza ya mtoano.

Messi, aliyecheza mechi 19 tu za ligi, alifunga mabao 20. Hata hivyo, katika raundi ya kwanza, ambayo mshindi wake ni timu inayotangulia kupata ushindi mara mbili, Miami ilikutana na Atlanta United yenye pointi 40, ikashinda 2-1, ikafungwa 2-1, kisha ikalala 3-2 nyumbani kwake tarehe 9 Novemba. Ubingwa ulichukuliwa na LA Galaxy, iliyoifunga New York Red Bulls 2-1 katika fainali.