Bunia–Kasenyi: Kwa nini wasafiri wanatapika njiani

Ziwa Albert liko chini ya mji wa Bunia kwa zaidi ya mita 600. Anayekwenda Kasenyi kutafuta samaki anateremka zote, na mteremko wenyewe uko mbele ya Bogoro, pale mlima unapokatika na barabara kuanza kupinda-pinda. Hapo ndipo wengi ndani ya gari wanatoka jasho baridi na kutapika. Majirani wa kiti wanasema ni sumu, ama chakula cha asubuhi.

Ubishi uko kichwani. Ndani ya sikio kuna vijifereji vya maji vinavyohisi kila kona, huku macho ya aliyekaa nyuma yanaona kiti tu, ama simu. Ubongo unapokea habari mbili zisizopatana, na tumbo ndilo linalolipa. Huko Ulaya wanaopanda mashine za kuzungusha watu yanawapata hayo hayo, ila wao wametoa pesa ili wazungushwe! Dereva hapatwi mara nyingi, maana anaijua kona kabla haijafika.

Basi kaa mbele, tazama mbali, acha simu. Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaoteseka zaidi; wasifichwe nyuma ya mizigo. Dawa inamezwa kabla ya kuondoka, na nyingi zinaleta usingizi: mwenye kuendesha pikipiki asizitumie.

Kichefuchefu cha njia kinatulia gari likiisha kusimama. Mtu akiendelea kutapika, tena ana homa, hiyo si njia. Ituri inaijua malaria, na ilipitia Ebola kati ya 2018 na 2020. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.