Joto Lisilo la Malaria

Katika Lubudi, mji wa saruji ulio kando ya reli kati ya Tenke na Bukama, mtu akitokwa na jasho usiku, neno la kwanza linalotajwa nyumbani ni malaria. Wala si ajabu, kwa maana ugonjwa huo ungali unaziliza nyumba zetu. Lakini liko joto jingine, limpatalo mama aliyekaribia miaka hamsini. Lapanda ghafula kifuani, lafika shingoni na usoni; moyo waenda mbio, jasho lamtoka, na baada ya dakika chache aona baridi. Akipimwa joto la mwili, kwa kawaida hana homa. Akipimwa damu, vidudu vya malaria havionekani. Hata hivyo wako mama wanaomeza vidonge vya malaria mara kwa mara pasipo kupimwa. Fedha zapotea, na joto larudi vilevile.

Jambo hili wengi hulinyamazia kwa haya. Lakini wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Basi na tuliseme kwa adabu, ila tuliseme wazi.

HEDHI INAPOKOMA

Msichana huzaliwa akiwa na akiba ya mayai katika ovari zake mbili. Ovari hizo ndizo zitengenezazo kwa sehemu kubwa homoni za kike, yaani estrojeni na projesteroni. Homoni ni kama wajumbe: husafiri katika damu na kupeleka amri kwenye viungo vya mwili. Miaka ikipita, akiba ya mayai hupungua, na wajumbe nao hupungua. Kwa wanawake walio wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Husemwa kwamba imekoma kabisa ikipita miezi 12 mfululizo pasipo damu. Kabla ya miezi hiyo kutimia, mimba yaweza bado kuingia.

Estrojeni ikipungua, ile sehemu ya ubongo inayolinda joto la mwili hushtuka upesi kwa sababu ndogo. Hapo ndipo joto lile hutokea. Wengine hukosa usingizi, au huwa wepesi wa kukasirika na kuhuzunika. Wengine hukauka katika sehemu za siri, hata tendo la ndoa likawatia maumivu. Mifupa nayo hupoteza nguvu upesi zaidi. Wako mama ambao karibu hawasikii neno lolote; wako na wengine wanaoteseka miaka mingi.

Hii si laana, wala si kazi ya jirani mwenye kijicho. Mama hakupungukiwa na heshima yake hata kidogo. Mume amwonaye mkewe akitupa blanketi usiku na kukataa kuguswa, asidhani amechukiwa, wala asifanye jambo hilo kuwa sababu ya kutafuta mke mwingine.

HABARI ZA DAWA

Je, iko dawa? Iko. Ni kumrudishia mama kiasi fulani cha homoni zilizopungua. Ila dawa hii ina historia yenye mafunzo, kwa kuwa watu waliisifu kupita kiasi, kisha wakaiogopa kupita kiasi.

Mwaka 1929, Adolf Butenandt katika Ujerumani na Edward Doisy katika Marekani, kila mmoja kwa upande wake, walifaulu kuitenga homoni moja ya jamii ya estrojeni. Mwaka 1942 vidonge vilivyotengenezwa kwa mkojo wa farasi wenye mimba vilianza kuuzwa katika Marekani. Mwaka 1966 daktari mmoja wa New York, Robert Wilson, alitoa kitabu kilichowaahidi wanawake ujana usiokwisha. Wengi wakavikimbilia vidonge. Lakini mwaka 1975 ilionekana kwamba estrojeni ikitolewa peke yake yaweza kuleta kansa ya mji wa mimba. Tangu hapo mama ambaye mji wake wa mimba haukuondolewa hupewa pamoja nayo dawa ya pili, ya namna ya projesteroni, ili imkinge.

Kisha mnamo Julai 2002 ulisimamishwa katika Marekani uchunguzi mkubwa wa wanawake zaidi ya 16,000, wenye umri wa miaka 50 hadi 79, waliogawanywa kati ya dawa hizo mbili na vidonge visivyo na dawa. Kwa kila wanawake 10,000 waliomeza dawa mwaka mmoja, wenye kansa ya titi walizidi kwa 8 kuliko katika kundi lile jingine, na waliopatwa na kiharusi walizidi kwa 8. Kwa upande mwingine, waliovunjika nyonga walipungua kwa 5. Habari hiyo ilienea duniani, na wanawake wengi wakazitupa dawa zao.

Baadaye wataalamu waliitazama upya hesabu ile. Wanawake wale walikuwa na miaka 63 kwa wastani, na wengi walikuwa wamekwisha kupita mbali siku za ukomo wa hedhi. Leo yafahamika kwamba kwa mama mwenye afya, ambaye hajafikia miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, na ambaye joto lamtesa kweli, faida kwa kawaida huzidi hatari. Basi dawa hii si maji ya ujana, wala si sumu. Ni dawa, na kila dawa ina mtu wake, kipimo chake na wakati wake.

NANI APEWE, NANI ASIPEWE

Mama aliyewahi kuugua kansa ya titi, aliyepatwa na kiharusi au ugonjwa wa mishipa ya moyo, ambaye damu yake iliwahi kuganda mguuni au mapafuni, au ambaye ini lake ni gonjwa, kwa kawaida hapewi dawa hizi. Lakini yule ambaye hedhi yake ilikoma kabla ya miaka 40, au aliyeondolewa ovari zote mbili akiwa bado kijana, huyo hasa na aonane na mganga wa hospitali, kwa sababu mifupa na moyo wake vyahitaji kulindwa. Ziko dawa za kumeza, na ziko za kubandika au kupaka juu ya ngozi, ambazo hazigandishi damu kama zile za kumeza. Kwa ukavu wa sehemu za siri iko dawa ya kutia mahali penyewe, kwa kiasi kidogo sana.

Wengine huuliza kama kutumia dawa hizi ni sawa na kuzuia mimba. Sivyo. Hazikutengenezwa kwa kusudi hilo, wala hazitegemewi kuzuia mimba. Tena Papa Paulo VI, katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968, namba 15, alieleza kwamba Kanisa halikatazi dawa zinazohitajiwa ili kuponya magonjwa ya mwili.

MAMBO YASIYONGOJA

Lipo jambo moja tunaloomba kila mama alishike. Hedhi ikiisha kukoma mwaka mzima, kisha damu ikaonekana tena, hata tone, huo si ujana uliorudi. Yaweza kuwa neno dogo; yaweza pia kuwa kansa ya mlango wa kizazi au ya mji wa mimba, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi. Mama huyo asingoje mwezi wa pili, wala asimeze homoni ili kuizuia damu hiyo. Aende hospitalini apimwe.

Vilevile, jasho la usiku pamoja na kikohozi cha majuma na mwili kukonda si ukomo wa hedhi. Huenda ni kifua kikuu, nacho kina vipimo vyake na dawa zake. Na homa ya kweli ipimwe damu siku ileile, kwani mama wa miaka hamsini naye huugua malaria.

Homoni zisinunuliwe kwa wachuuzi wa sokoni, wala mama asimeze za rafiki yake. Kabla ya kuzipewa hana budi kuulizwa habari za magonjwa yake ya zamani, na kupimwa shinikizo la damu. Kituo cha afya kisipokuwa nazo, mganga aweza kumwelekeza Kolwezi au Lubumbashi.

Na yule asiyezihitaji, au asiyeruhusiwa, bado ana la kufanya. Avae nguo nyepesi, aache tumbako, apunguze pombe. Atembee na kufanya kazi za mikono, maana mifupa hupata nguvu kwa kutumiwa. Ale ndagala pamoja na mifupa yao, na lengalenga kando ya bukari.

Nanyi wanafunzi, mama akiwa mkali jioni bila sababu mnayoiona, mchotee maji na mwacheni apumzike. Naye baba, badala ya kununua tena vidonge vya malaria, na amsindikize mkewe kwa mganga, aketi pamoja naye na kusikiliza.