Kobe wa bure, matibabu ghali: Mzazi, piga hesabu kabla hujasema ndiyo

Mvua za kwanza zikishalowesha ardhi ya Tabora, kobe hutoka mafichoni. Huo ndio wakati mtoto aliyetumwa kuni anarudi nyumbani na kobe mdogo mfukoni.

"Mama, naomba tumfuge. Hali sana, na wala habweki."

Mama anatazama, haoni hasara. Anatafuta boksi tupu la sabuni, kobe anawekwa chini ya kitanda, na chakula chake kinakuwa ugali na wali uliobaki.

Hasara huja baadaye. Miezi kadhaa ikipita, kobe anafumba macho kutwa nzima, pua inatoa mapovu, gamba linabonyea likiguswa kwa kidole. Mtoto analia, anataka apelekwe kwa daktari. Hapo ndipo mzazi anapogundua kwamba mnyama aliyepatikana bure ndiye mgumu kuliko wote kumtibu.

Mnyama mdogo, hesabu kubwa

Ofisa mifugo wa kata amezoea ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Kobe ni somo jingine. Joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo, kwa hiyo akikaa penye baridi, mwili huzubaa na hata dawa hufanya kazi polepole. Tiba ya siku chache kwa mbuzi inaweza kuwa ya wiki kadhaa kwa kobe.

Kuna pia hesabu ya dozi. Tuseme kobe wa gramu 200 anahitaji miligramu 1 ya dawa. Kama chupa ina miligramu 100 katika kila mililita, atakachopewa ni sehemu moja ya mia ya mililita. Mzazi ananunua chupa nzima ya ng'ombe kwa ajili ya kitone, na mkono ukiteleza kidogo tu, dozi imekuwa mara mbili. Hii si kazi ya kujaribia nyumbani.

Wanaosomea shahada ya udaktari wa mifugo husoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Kumfuata mtaalamu huko kutoka Tabora ni safari ndefu ya reli ya kati, na nauli inalipwa kabla gharama ya vipimo na dawa haijatajwa.

Sindano inayoua

Ugumu huo humsukuma mzazi kwenye duka la dawa za mifugo lililo karibu, na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote.

Kobe wa porini mara nyingi huwa na kupe kwenye ngozi ya miguu na shingo. Dawa inayojulikana sana kwa wafugaji kwa minyoo na wadudu wa ngozi ni ivamektini. Kwa ng'ombe na mbuzi ni dawa nzuri. Kwa kobe ni sumu: humlegeza, humpoozesha na inaweza kumuua. Fedha imelipwa, mtoto amefurahi kwamba mgonjwa wake kachomwa sindano, na asubuhi kobe hawezi kuinua kichwa.

Kwa hiyo mzazi anayeingia dukani asiseme tu "nipe dawa ya kupe". Ataje kwanza kwamba mgonjwa ni kobe.

Jua la bure, boksi la gharama

Familia za Uingereza au Marekani zinazofuga kobe ndani hununua taa maalumu yenye miale kama ya jua. Bila miale hiyo, mwili wa kobe hautengenezi vitamini D ya kutosha, na bila vitamini D madini ya kalisi hayafiki kwenye mifupa na gamba. Taa hizo huisha nguvu hata kama bado zinawaka, hivyo nyingi hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12.

Kobe wa Tabora alikuwa na jua hilo bure, mpaka alipowekwa chini ya kitanda. Gamba linalobonyea mara nyingi limesababishwa na boksi lenyewe pamoja na ugali. Majani, nyasi na jua, ambavyo havina bei, ndivyo vilivyokuwa vikimtunza kobe chui aliyezoeleka porini. Tena kobe huyo anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Mtoto wa darasa la nne anaomba mzigo utakaomfuata hadi uzeeni.

Mikono ya mtoto mdogo

Kobe, kinyonga na mijusi wanaweza kubeba vijidudu vya salmonela bila kuonekana wagonjwa. Mtoto akimshika kisha akatia kidole mdomoni, anaweza kupata homa, kuhara na maumivu ya tumbo. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano, wazee na wenye kinga dhaifu. Kwa sababu hiyo, mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku kuuza kasa na kobe wadogo wa chini ya takriban sentimita 10. Gharama ya kumtibu kobe inaweza kuongezeka na ya kumtibu mtoto.

Si mali ya aliyemwokota

Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori hafugwi bila kibali, hata akiwa mdogo wa kuenea kiganjani.

Tabora inajua historia ya vitu kuchukuliwa na kupelekwa mbali. Njia ya misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo ilipita hapa, na John Hanning Speke aliyeipita mwaka 1857, mji ukiitwa Kazeh, ameacha jina lake kwa kobe mwenye bawaba mgongoni, Kinixys spekii. Jina hilo lilitolewa mwaka 1863. Miaka mingi baadaye, kobe na vinyonga wa Tanzania waliuzwa nje kama wanyama wa kufugwa majumbani, mpaka Serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016.

Mzazi afanye nini?

Mtoto akija na kobe mzima, arudishwe siku hiyo hiyo mahali alipookotwa, kisha mikono ioshwe kwa sabuni.

Akiwa mgonjwa, amejeruhiwa au amekaa nyumbani muda mrefu, asiachiwe porini, kwani anaweza kuambukiza wenzake. Awekwe peke yake kwenye boksi safi lenye kivuli na hewa, na apigiwe simu ofisa wanyamapori wa halmashauri au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA).

Gamba lililopasuka lisipakwe mafuta, masizi wala gundi. Na gamba lisitobolewe ili kufungwa kamba. Ni mfupa ulio hai, na kobe huhisi maumivu.

Mtoto hajakosea kumpenda kobe. Anachohitaji ni mtu mzima wa kwenda naye mpaka kichakani, wachuchumae pamoja na kusubiri kichwa kitokeze. Watu husema kobe akiinama anatunga sheria. Ya kwanza inaweza kuwa hii: anayenipenda aniache juani.