Kwa Nini Shati la Kiwandani Huja na Mfuko wa Plastiki, na Fundi wa Uriri Afanye Nini

Mkazi akinunua shati jipya la kiwandani hapa Uriri, Awendo au mjini Migori, mara nyingi hulikuta ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki. Lakini fundi anayemshonea mtoto sare haruhusiwi kumpa mteja mfuko kama huo. Ndiyo sababu mafundi na wafanyabiashara wengine huuliza: mbona kiwanda kiruhusiwe na sisi tuzuiwe? Makala haya yanajibu swali hilo na kueleza mbinu ambazo viwanda vya nguo vinajaribu ili kupunguza plastiki.

Jambo moja kwanza: hapa kwetu wengi huita mfuko wa plastiki "karatasi". Katika makala haya, karatasi ni karatasi halisi.

Sheria inasema nini

Marufuku ya mifuko ya plastiki yalitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali tarehe 28 Februari 2017 na kuanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti mwaka huo huo. Kabla ya hapo, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilikadiria kuwa maduka makubwa pekee yalikuwa yakigawa mifuko milioni 100 kila mwaka nchini. Mingi iliishia mitaroni, mashambani na matumboni mwa ng'ombe.

Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, kufungwa jela mwaka mmoja hadi minne, au adhabu zote mbili. Kwa fundi mwenye cherehani moja sokoni, hiyo ni hasara ya kufunga biashara kabisa.

Viwanda vilipewa msamaha wenye masharti. Plastiki inaruhusiwa pale inapogusana moja kwa moja na bidhaa, ufungashaji ukifanyika kiwandani kwenyewe, na mfuko huo usiuzwe wala kugawiwa wateja kaunta. Ni lazima pia uonyeshe ulikotoka, ili ukipatikana umetupwa, mwenyewe ajulikane. Mfuko unaotolewa kaunta hauingii katika msamaha huo, hata kama unafanana na ule wa kiwandani.

Kazi ya mfuko kiwandani

Nguo ikishakatwa, kushonwa, kukaguliwa na kupigwa pasi, hukunjwa na kutiwa mfukoni kabla ya kupangwa katoni. Mfuko huikinga dhidi ya vumbi, unyevu na msuguano safarini. Kwa kuwa unaonyesha kilichomo ndani, mfanyakazi wa ghala husoma saizi na alama za bei bila kuufungua. Kwa nguo zinazouzwa nje ya nchi, kama zile za viwanda vya Athi River, mara nyingi ni mnunuzi anayeamua zifungwe vipi.

Ndiyo maana kuondoa plastiki si jambo la kuamka asubuhi na kulifanya. Kampuni ya Patagonia ya Marekani ilijaribu kusafirisha nguo bila mifuko, na takriban asilimia 30 ya nguo hizo zikaharibika kiasi cha kutouzika. Shati lililoharibika limeshakula pamba, maji, umeme na jasho la mfanyakazi. Kulitupa kunaweza kuyadhuru mazingira kuliko mfuko wenyewe.

Njia zinazojaribiwa

Njia ya kwanza ni kupunguza. Nguo ikikunjwa ndogo, mfuko nao huwa mdogo. Kampuni nyingine ya Marekani, prAna, ilianza kuviringisha nguo na kuzifunga kwa kamba nyepesi badala ya kutia kila moja mfukoni.

Njia ya pili ni karatasi laini iliyobanwa sana kiwandani hadi ikaonyesha kidogo kilichomo ndani. Inaweza kukusanywa pamoja na karatasi nyingine na kutengenezwa upya. Udhaifu wake ni kwamba huchanika upesi na haihimili maji kama plastiki.

Njia ya tatu ni malighafi mpya. Hapa Kenya, kampuni ya HyaPak, iliyoanzishwa na Joseph Nguthiru aliyesomea Chuo Kikuu cha Egerton, hutengeneza vifungashio vinavyooza kutokana na magugu maji, mmea ule ule unaowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria.

Hata mfuko wa kitambaa una gharama yake. UNEP imeeleza kuwa mfuko wa pamba unahitaji kutumiwa kati ya mara 50 na 150 ndipo athari yake kwa tabianchi iwe ndogo kuliko ya mfuko wa plastiki wa kutumiwa mara moja. Mfuko wa kitambaa unaokaa kabatini haujaokoa chochote.

Fundi na mteja wafanye nini

Hapa fundi wa Uriri ana nafasi ambayo kiwanda kikubwa hakina. Nguo yake haivuki bahari wala kukaa ghalani miezi. Inatoka mezani hadi mkononi mwa mteja.

• Tumia vipande vinavyobaki baada ya kukata. Vishone viwe mifuko, au vifanye kamba ya kufungia nguo iliyokunjwa. Kitambaa hicho tayari kimelipiwa.
• Acha nguo ipoe na ikauke baada ya pasi kabla ya kuifunga, isije ikaota ukungu.
• Mteja, njoo na kikapu au mfuko wako, na uutumie tena na tena.
• Mwenye duka, usimpe mteja mwingine mifuko iliyokuja na nguo za kiwandani ili abebee bidhaa.
• Usichome plastiki nyuma ya duka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, na inawapa watengenezaji bidhaa wajibu juu ya vifungashio vyao hata baada ya mauzo.

Ukiwa na shaka kama kifungashio fulani kinaruhusiwa, uliza ofisi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) katika kaunti, au maafisa wa mazingira wa kaunti, kabla ya kukinunua kwa wingi. Kuuliza ni bure, faini inaanzia milioni mbili.