Ubishi wa Mwalimu Bora wa Kandanda, Tukiutazama Kutoka Vamizi

Ni nadra askari kutua mizigo bila kuzuka ubishi wa nani mwalimu bora wa kandanda ulimwenguni. Wengi huanza kwa kuhesabu vikombe, na hapo Vittorio Pozzo wa Italia hana mwenzi: alitwaa Kombe la Dunia mwaka 1934 na tena 1938, jambo ambalo hakuna mwalimu mwingine aliyelifikia. (Naye, tusisahau, alikuwa luteni wa askari wa milimani katika Vita Kuu ya Kwanza.)

Lakini sisi tunaoutazama ubishi huo kutoka Vamizi, kisiwa cha Wamwani kilichovamiwa na waasi Septemba 2020, hata wenyeji wakayahama makazi yao, twaona vikombe havitoshi. Twauliza: mwalimu alikabidhiwa nini, naye akafanya nini nacho?

Kwa kipimo hicho twamtanguliza Carlos Queiroz, aliyezaliwa mwaka 1953 mjini Nampula, mkoa unaopakana na Cabo Delgado. Real Madrid iliyosheheni nyota ilimshinda, akaondoka 2004 baada ya msimu mmoja tu. Hata hivyo, vijana wa Ureno aliwapa ubingwa wa dunia 1989 na 1991, na Iran akaiongoza katika Kombe la Dunia mara tatu.

Nyuma yake, wabishi watuwie radhi, twamweka Chiquinho Conde. Januari 2024 Msumbiji yake ilitoka sare ya 2-2 na Misri, kisha na Ghana. Mbele ya Ghana walikuwa nyuma kwa mabao mawili dakika ya 90 ilipotimia. Yote mawili waliyarudisha katika muda wa nyongeza.