Mwili hauijui dayati, unaijua njaa

Sherehe zikikaribia, mjini Singida kama mijini kwingine, ugali huanza kukataliwa mezani. Anayejiandaa kwa sendofu au harusi anakunywa maji ya ndimu na tangawizi asubuhi, mchana anakula kachumbari na kipande cha parachichi, usiku analala na njaa. Baada ya wiki chache gauni linaingia, watu wanamsifu. Miezi ikipita uzito unarudi, pengine na ziada juu yake, na walewale waliomsifu wanasema hana msimamo. Kauli hiyo inaniudhi kwa sababu si ya kweli, na watu wa mkoa huu wangepaswa kuwa wa kwanza kuikataa.

Singida ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kukatika kuelekea Mei. Januari hadi Machi mtama na uwele bado viko shambani, na kihenge kinaelekea kuisha. Mama mwenye nyumba hangoji kiwe kitupu. Anapunguza kipimo cha unga, milo mitatu inakuwa miwili, na mavuno yakiingia kazi ya kwanza ni kujaza akiba. Mwili hufanya hivyohivyo. Ukiukatia chakula ghafla, unabana nishati unayotumia hata ukiwa umelala, unaongeza hamu ya kula, na chakula kikirudi unaweka mafuta upesi. Hauna namna ya kujua kwamba njaa hii umeitaka mwenyewe.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1944 Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua vijana 36 wenye afya njema, waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya imani zao na kujitolea kwa utafiti. Alitaka kujua namna ya kuwalisha watu waliodhoofishwa na njaa ya vita vya Ulaya. Kwa miezi sita ya mwaka 1945 walikula viazi, mkate na makaroni, takriban kalori 1,570 kwa siku. Dayati nyingi za leo hazifiki hata hapo. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua, walisikia baridi wakati wa joto, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Wapo waliokuwa hawajali kabisa mambo ya jikoni wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula, baadhi walikula mpaka tumbo likawauma na bado wakasema hawajashiba. Mafuta yalirudi kabla ya misuli.

Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Kevin Hall walichapisha vipimo vya watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito, The Biggest Loser. Miaka sita baada ya shindano, 13 kati yao walikuwa wameongezeka tena, na miili yao ilikuwa inachoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajikaze ni kumwonea.

Sisemi uzito si tatizo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Presha na kisukari si mambo ya kupuuza. Lakini anayetumia dawa za kisukari akaacha kula ghafla bila kumwambia daktari, sukari yake inaweza kushuka hadi akaanguka.

Halafu ugali unaonewa. Tonge la ugali wa uwele kwa mlenda hushibisha na kukaa tumboni muda mrefu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti, haya tunayoyaona kwenye madumu kando ya barabara kuu, kina kalori zipatazo 120, na mboga inayokaangwa kwa kumiminiwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu huwa na vijiko vingi. Anayekata ugali, akaacha mafuta yalivyo na kuweka asali ya Manyoni kwenye chai akidhani haihesabiki, anateseka bure. Kupunguza mafuta na sukari kidogo, na kula ugali kwa kiasi, ni jambo ambalo familia nzima inaweza kuishi nalo mwaka hadi mwaka.

Mabadiliko madogo ya namna hii nayo yamepimwa. Mwaka 2002 Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja halikupewa njaa. Lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito, yaani kama kilo sita kwa mtu wa kilo 90, na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kisukari kilipungua kwa asilimia 58 ikilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Miaka 10 baada ya utafiti kuanza, sehemu kubwa ya uzito ilikuwa imerudi kwa wengi wao, na bado waliougua walikuwa pungufu kwa asilimia 34 kuliko katika kundi la vidonge hivyo.