Neno "Sanaa" baina ya Majumba ya Maonyesho ya Dar es Salaam na Mikeka ya Bungu

Katika majumba ya maonyesho ya Dar es Salaam neno sanaa limepata maana iliyo finyu kuliko ile liliyokuja nayo. Huitwa sanaa picha iliyotundikwa ukutani na sanamu iliyosimamishwa juu ya kiweko. Lakini mkeka, hata uwe umesukwa kwa ustadi gani, hutiwa katika fungu la "kazi za mikono", na mahali pake huwa ni duka lililo mlangoni.

Mgawanyo huu haukutoka katika neno lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni kazi ya fundi: ya mfua dhahabu, ya seremala, ya mfumaji. Zile kazi ambazo Wazungu huziita sanaa nzuri, Waarabu wa leo huziita kwa neno jingine, fann, ambalo Kiswahili nacho kimelipokea kwa sura ya fani na kulipa shughuli nyingine. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliweka sanaa na ufundi pamoja chini ya neno moja. Nayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 yaanza maelezo yake kwa ufundi. Kwa hiyo anayeuita mkeka sanaa hakopi heshima ya mchoraji. Alitumia neno kama lilivyokuwa.

Bungu, kando ya barabara ya Kilwa katika Wilaya ya Kibiti, ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili, kwa kuwa katika nchi ile ya Wandengereko na delta ya Rufiji usukaji ni kazi ya wanawake tangu zamani, na msamiati wake haukupungua. Majani ya mkindu hukaushwa, yakachanwa kuwa chane. Nyingine hutiwa rangi, nyingine huachwa na weupe wake. Chane husukwa kuwa ukili, yaani utepe mrefu mwembamba, kisha ukili hushonwa ukingo kwa ukingo, kwa sindano iitwayo shazia, hata mkeka utimie. Hapo ndipo ilipo hesabu yote. Msukaji huuweka urembo katika utepe wa upana wa vidole vichache, hali mkeka mzima haujakuwapo bado ila kichwani mwake. Akikosea hesabu ya chane, ruwaza hazitakutana wakati wa kushona. Miaa, majani ya mkoche, hutoa kazi nzito zaidi, kama jamvi. Tena kuna msala wa kusalia na kitanga cha kuanikia bidhaa, kila kimoja na umbo lake na jina lake.

Haya hayasomwi katika maonyesho. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940, na Nafasi Art Space ya Mikocheni, iliyoanzishwa mwaka 2008, yamewapa wachoraji na wachongaji ukumbi ambao wazee wao hawakuupata, na mwaka 2024 Tanzania ilikuwa na banda lake kwa mara ya kwanza katika Biennale ya Venice. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini picha hutajwa pamoja na jina la aliyeichora, na mkeka hutajwa kwa jina la kabila, kana kwamba kabila lilikaa chini likasuka. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, ilikuwa karibu zaidi na maana ya asili, maana ilikusanya wachoraji, wachongaji, wafinyanzi na watia batiki chini ya paa moja.

Wala si kweli kwamba maneno ya watenda kazi hayawezi kuingia ukumbini. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya vibao vya masonite, alifariki mwaka 1972. Jina lake likawa jina la mtindo mzima. Wachongaji wa Kimakonde waliipa dunia ujamaa, shetani na mawingu, na maneno hayo huandikwa yalivyo katika maonyesho ya Ulaya. Ufumaji nao ulikwisha kubisha hodi kwingine: mwaka 1949 jumba la sanaa ya kisasa la New York lilimpa Anni Albers, mfumaji, maonyesho yake peke yake.

Kikaratasi cha maelezo kisemacho "mkeka, ukindu, Pwani" kimetaja kitu, mali yake na mkoa. Kingeweza, katika nafasi ile ile, kutaja aliyeusuka, upana wa ukili wake, idadi ya chane, na jina la ruwaza kama lisemwavyo Bungu, kwa Kiswahili au kwa Kindengereko. Majina ya ruwaza ndiyo ya kukusanywa kwanza, kwani hukaa vinywani mwa wasukaji: shazia itaonekana kabatini hata miaka mia, na jina la urembo halionekani kwa kuutazama mkeka.